Popoo za A-Luan

Katika picha ya kwanza, Tseng Kun-shan alikuwa ameachama mbele ya kioo cha bafuni, na kuachama kwake kote hakukuzidi upana wa kidole. Shavu la kushoto lilikuwa limebonyea pale madaktari walipokata nyama iliyooza na kushonea kiraka cha ngozi ya paja. Picha ya pili ilikuwa ya sinki, na ndani ya sinki mate mekundu ya popoo, mabichi, ya asubuhi ileile.

Mwalimu Ou alizitazama kwa muda mrefu, miwani yake akiwa ameisukuma juu ya nywele.

"Huyu ni baba yako?"

"Ndiye," alisema Yun-jie. "Walimkata shavu mwaka jana, kwa saratani ya popoo. Sasa ameanza tena kutafuna. Mada yangu ndiyo hiyo, Mwalimu. Kwa nini mtu ajiangamize huku anajiona?"

"Zimepigwa vizuri. Lakini hizi ni picha za polisi, Yun-jie. Zinamkamata tu. Uliandika kwamba unatafuta mzizi wa tabia hii. Uko wapi?"

Yun-jie alizikusanya picha zake. Ndani ya treni kutoka Kaohsiung kurudi kwao Chaozhou, aliyapanga majibu ambayo hakuyatoa darasani. Mzizi gani tena? Baba alikuwa dereva wa lori la kokoto, na madereva hutafuna popoo ili usingizi usiwapitie barabarani. Basi. Ila lori lilikwisha kuuzwa, usingizi sasa ulikuwa halali yake, mama alikuwa kaburini, na mzazi huyu mmoja aliyebaki alikuwa akijimaliza kidogo kidogo huku akitabasamu upande. Hilo ndilo lililomchoma, na hakuna picha iliyoweza kulisema.

"Karibu, mpiga picha wa serikali," Baba alimlaki mlangoni. Maneno yalimtoka mazitomazito, kama ya mtu mwenye kipande cha kiazi mdomoni. "Umekula? Kuna uji wa samaki. Na leo nimeota ndevu tena ndani ya shavu. Hii ngozi ya paja haijui kama imehama."

"Baba, hilo si la kuchekesha."

"Mtu kuota nywele mdomoni si la kuchekesha? Basi sijui nikuletee nini ucheke."

Asubuhi Yun-jie aliisikia pikipiki ya Baba ikitoka uani. Alitundika kamera shingoni, akapanda baiskeli, akaifuata njia ya barabara kuu. Hakuwa na haja ya kwenda mbio. Pikipiki aliikuta imeegeshwa nje ya kibanda cha vioo ambamo mama yake, A-Luan, aliuza popoo hadi alipougua figo. Taa zake za rangi hazikuwashwa tangu mazishi, na vioo vilikuwa vimefifia kwa vumbi. Ndani, Baba alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, kapu la popoo mbichi magotini.

Yun-jie aliinua kamera. Alichokuja kukinasa kilikuwa mbele yake. Lakini ndani ya lenzi aliona mikono ambayo hakuwahi kuijua. Ililifuta jani la tambuu kwa kitambaa, upande huu na upande ule. Ikalipaka chokaa kwa kijiti, nyembamba kama pumzi. Ikalikunja juu ya popoo na kulibana kwa kidole gumba. Midomo ya Baba ilikuwa ikicheza. Alikuwa akiongea.

Akageuka, akamwona. "Ingia, jua litakuunguza. Nimekamatwa, sivyo?"

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mwenye duka."

Yun-jie alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Baba alisukuma kapu pembeni.

"Mimi sikuwa mtafunaji," alisema. "Nilikuwa napita hapa na kokoto zangu, nikamwona. Nikawa nanunua mfuko, nafika darajani, nawagawia wenzangu, nageuza lori, narudi kununua mwingine. Siku moja akaniambia, 'We kaka, mteja gani wa popoo ana meno meupe kama mtoto wa shule? Unamdanganya nani?' Nikaona aibu. Nikatia moja mdomoni mbele yake. Loo! Jasho, masikio moto, dunia inazunguka! Nikashika kizingiti nisianguke. Mama yako akacheka mpaka akaegemea kioo. Hapo hapo." Alikionyesha kioo kwa kidole, kana kwamba alama ya bega ingali pale.

Katika vitabu alivyosoma Yun-jie kwa ajili ya mradi ule, chini ya mambo haya palikuwa na kipigo cha utotoni, au njaa, au aibu iliyofukiwa. Kicheko hakikuwamo.

"Nikimaliza kuifunga naona ni dharau kuitupa," Baba aliendelea, sauti imeshuka. "Kufunga alinifundisha yeye. Nikiacha hii, mwanangu, nitabaki na nini chake?"

Neno "mimi" lilimfika Yun-jie ulimini, akaliona zito, kama la mtu anayedai. Akalimeza. Aliinuka, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akavuta ndoo karibu.

"Nifundishe."

"Ati?"

"Kufunga. Mama hakunifundisha."

"Alikataa. Alisema mikono yako ni ya kalamu."

"Nifundishe kufunga tu, Baba. Kutafuna tuache."

Baba alimtazama. Kisha akainama, akatema kitu ndani ya kikombe cha karatasi, akakisogeza mbali kwa mguu.

"Jani linafutwa kwanza. Si hivyo! Unalisugua kama sufuria. Mama yako angekufukuza kazi kabla ya chai."

Walikuwa wameharibu majani mengi wakati honi ilipolia nje. Lori la kokoto lilikuwa limesimama kando ya barabara, na dereva, kijana mwenye midomo myekundu, alitoa kichwa dirishani.

"Mzee, mmefungua?"

"Tumefunga!" Baba alijibu.

"Mbona naona dada ndiyo kwanza anafunga?"

Yun-jie aliangua kicheko kabla hajajizuia. Baba naye alicheka, upande wake mmoja. Halafu akateremka kitini, akatoka nje juani bila ile barakoa anayofichia shavu. Aliuinua uso kuelekea dirisha lile la juu na kuachama kadiri mdomo ulivyomruhusu.

Kijana aliacha kutabasamu. Yun-jie aliinua kamera.

"Inauma, mzee?"

"Sasa hivi, au usiku?"

Baba aliweka mkono kwenye mlango wa lori, akaanza kusema jambo polepole, maneno mazito ambayo ndani ya kibanda hayakusikika. Yun-jie alisubiri lori liondoke. Badala yake akasikia injini ikizimwa.