Kivuli cha Rangi ya Tofali

Kila Jumanne asubuhi, katika zahanati moja ya Busunzu, nesi Mwajabu aliwauliza wajawazito swali lile lile: tangu waanze vidonge vya kuongeza damu, choo kimekuwa cheusi? Mwenye kumeza chuma hupata choo cheusi. Ndivyo chuma kilivyo. Wote walijibu ndiyo. Kumwambia nesi hapana, tena mbele za watu, ni utovu wa adabu, na Busunzu ina adabu nyingi mno. Daftari likajaa ndiyo.

Dorcas, mwenye mimba ya miezi saba na viganja vyeupe kama unga wa muhogo, naye alijibu ndiyo. Dada yake Esteri, mkemia aliyekuwa na mwaka wa sita akitafuta dawa ya chuma isiyosumbua tumbo, alilisoma daftari akaliamini, ingawa elimu yake yote ilimkataza kuamini kitu ambacho hakijapimwa kwa mwanga.

Viganja vilipozidi kuwa vyeupe, Esteri alileta mashine yake ya kupimia vidonge kutoka Kasulu, imeviringishwa kwenye godoro nyuma ya pikapu. Kila metali ikiungua hutoa rangi yake, na mashine huijua rangi hiyo kama mama anavyomjua mwanawe kwa kikohozi. Saa nne kamili umeme ukakatika. Saa nne na dakika tano, vivuli vikaichukua kazi.

Vivuli vya wanawake waliokaa kwenye benchi vilianza kuwaka ukutani, taratibu, bila moshi. Vyote vilikuwa na wekundu wa tofali, rangi ambayo mkemia yeyote anaijua: chaki inapoungua. Kivuli cha Mwajabu peke yake, asiyemeza vidonge ila hula maini, kilirusha cheche za dhahabu kama cha mhunzi. Esteri akavua miwani, kama watu wanavyovua kofia kanisani.

“Kumbe tunakulaka chaki,” alisema Eugénie, aliyeolewa hapo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akajisogeza ili asizibe kivuli cha mwenzake.

Esteri akamgeukia mdogo wake. “Ulisema ndiyo.”

“Aliyeuliza ni nesi, dada. Ningemjibuje?”

Esteri akaandika ripoti. Wakubwa wakajibu kwamba vivuli si kipimo kinachotambulika. Umeme uliporudi, mashine ikasema yale yale. Wakubwa wakajibu kwamba mashine haijahakikiwa. Basi akaanza kumlisha Dorcas maini na dagaa. Siku ya kumi na tisa, cheche moja ya dhahabu ilionekana kwenye kivuli chake, pale penye tumbo. Esteri aliitazama mpaka uji ukaungua.

Mwezi uliofuata yalifika makasha mapya ya vidonge, yenye nembo ile ile ya yale ya kwanza. Mwajabu alikuwa ameongeza safu katika daftari: rangi ya kivuli. Aligawa vidonge, akauliza kama choo kimekuwa cheusi. Wanawake wakajibu ndiyo, mmoja mmoja, kwa adabu, na nyuma yao ukuta ukawaka wekundu wa tofali kutoka pembe hadi pembe. Mwajabu akaandika vyote viwili.