Utando wa Kitunguu

Kijiti, kama walivyomwita kwa wembamba wake, aliingia maabara roho mkononi. Mwaka uliopita biolojia ilimwangusha. Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, alikuwa ameapa kwamba akianguka tena basi shule imekwisha, atashona mpaka azeeke, maana cherehani haiulizi mtu maswali.

Mtihani ulikuwa mwepesi kwa kuusikia: bandua utando wa kitunguu, ulaze juu ya kioo, tia tone la iodini, funika, tazama kwa hadubini, chora seli moja na sehemu zake. Kijiti alibandua kwa pupa. Kioo cha kufunikia kikamponyoka, kikaangukia utando pwaa. Alipotazama akashusha pumzi: miviringo mizuri, kingo nene nyeusi. Akachora mmoja, duara safi kama sahani.

Jirani yake wa meza, binti mwenye maneno, alichungulia, akanong'ona kwamba hata yeye anayo hiyo hiyo, leo wamepata cha bure.

Ndipo Kijiti alipotafuta kiini. Hakikuwepo. Ndani ya duara mlikuwa mweupe, mtupu. Seli za kitunguu hupangana kama matofali ya ukuta, hilo alilijua, na tofali haliwi duara. Alikuwa amechora hewa iliyonaswa chini ya kioo.

Msimamizi akatangaza kwamba muda unayoyoma. Kufuta ni kubaki na karatasi tupu. Kutofuta ni cherehani. Akafuta. Akabandua utando mwingine, na safari hii akateremsha kifuniko kwa ubavu, polepole, kama anayemlaza mtoto mgonjwa. Alichora tofali lake upesi, mstari ukapinda, akauacha hivyo hivyo.

Mwalimu wa biolojia, aliyekuwa akisahihisha meza kwa meza, alifika, akainamia hadubini.

"Nionyeshe kiini."

Akaonyesha doa lililokolea rangi.

"Na hili ulilofuta?"

Uongo ulimjia mdomoni, ukakwama.

"Hewa, mwalimu. Nilidhani ni seli."

Mwalimu aliandika alama, akamgeuzia karatasi aione. Amevuka, tena kwa nafasi.

"Tangu asubuhi naletewa hewa," alisema, akahamia kwa jirani.

Kijiti alishukuru. Akaanza kupangusa kioo chake, jicho moja likiwa kwenye hadubini ya jirani.