Marehemu Aingia Uwanjani

Paskazia alimuua Mzee Masalu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, hewani, kwa ile sauti ya huzuni aliyojifunza chuoni. Hakumuua kwa ubaya. Kipindi chake cha muziki wa Kanda ya Ziwa kilikuwa kinaanza, na fundi mmoja wa Igoma alikuwa amemwambia kwamba Masalu wa Sengerema, yule manju anayetunga nyimbo na kuongoza ngoma, amefariki. Paskazia akapiga simu ya mzee mara mbili, haipatikani. Mwandishi mwenye akili angepiga ya tatu. Yeye akasema "marehemu" na kuweka wimbo.

Haraka haraka haina baraka, na wa kwanza kulijua hilo alikuwa marehemu mwenyewe. Alikuwa shambani, simu imeisha chaji. Aliporudi alikuta majirani wamejaa uani na unga na kuni za msiba, mkewe Odeta akiwafukuza kwa mwiko.

Hilo lingeisha kwa kicheko. Lakini kamati ya mashindano ya ngoma za mavuno ilikuwa imeshafuta jina lake, na wachezaji wake kumi na wawili, bila hata kuuliza kaburi liko wapi, wakahamia kwa Yeremia, mpinzani wake wa miaka thelathini.

Alhamisi Paskazia alipanda kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema akiwa na aibu isiyo na mfano. Alimkuta mzee akiwamba ngoma, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kuzika?"

"Nimekuja kuomba radhi, babu. Kesho nitakanusha hewani. Na kamati imekubali kukurudisha."

"Kanusho la nusu dakika litanirudishia wachezaji?" Mzee aliivuta ngozi kwa nguvu. "Jumamosi utanirusha moja kwa moja. Nitakachoimba, usikate hata neno."

Paskazia alielewa, akaogopa. Manju wa Kisukuma hutunga papo hapo, na akiamua kukusema, utasemwa mpaka wajukuu zako. Bosi wake, Pankaj, naye alishamwonya: aibu nyingine moja, kipindi kinafutwa. Hata hivyo alikubali, maana mzee alikuwa na haki.

Mashindano yalifanyika Igoma. Hayana majaji. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, watu wakasimama wanakovutiwa, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Upande wa Yeremia vumbi lilishatanda. Upande wa Masalu alikuwapo Masalu, ngoma yake, na Odeta na njuga miguuni. Paskazia aliwatazama, roho ikamuuma.

Mzee akaanza:

"Nilikufa Jumanne, ugali wa msiba nikaula mwenyewe.
Paskazia binti wa Pius, mdomo unao, masikio uliyaacha wapi?"

Kidole cha Paskazia kilikuwa juu ya kitufe cha kukata sauti. Kule Pasiansi baba yake, Pius, alikuwa anasikiliza, na pengine mtaa mzima pamoja naye. Uso ulimwaka moto. Akakiondoa kidole.

"Lakini asante, binti, kwa kuniua mapema:
nimewaona walionililia, nimewaona waliohama kabla sijapoa."

Redio za vibanda vilivyozunguka uwanja zilikuwa zimefunguliwa zote, na maneno hayo yakafika hadi kwa Yeremia. Watu wakaangua kicheko. Mchezaji mmoja wa kule akasimama katikati ya mchezo, akatazama vidole vyake vya miguu, kisha akavuka uwanja kichwa chini. Wa pili akamfuata, kisha watano kwa pamoja, njuga zao zikilia. Masalu hakuwakemea. Aliwasogezea nafasi. Nyuma yao watu wakaanza kuhama, kwanza wanawake majirani waliopeleka unga wa msiba.

Simu ya Paskazia ikatetemeka. Ujumbe wa Pankaj: *Usithubutu kukata. Simu za studio hazishikiki.* Machozi yalimtoka, hakuyaficha.

Mwishowe mzee akamwita, jasho likimtiririka.

"Haya, waambie wasikilizaji wako nani kashinda."

Paskazia akafungua mdomo.

"Uliza kwanza," mzee akasema.

Paskazia akaugeuzia umati maikrofoni. "Nani kashinda?" Wakajibu. Akauliza mara ya pili. Akauliza na ya tatu, ingawa jibu lilishafika ng'ambo ya ziwa.