Mwonja Moshi

Dukani walimwita Ulimi, na jina hilo alilivaa kama wengine wanavyovaa suti. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Duka lenyewe lilikuwa la mdogo wake, la sigara za umeme, lenye kaunta ya kioo, viti virefu na harufu ya matunda yasiyoota popote duniani. Watu walikuja kununua betri na chupa za maji ya ladha, lakini wengi walikuja kumwona yeye. Alikuwa anavuta mara moja, anafumba macho, kisha anatoa hukumu: hii embe yake imeiva kupita kiasi, hii mnanaa wake ni wa dawa ya meno, hii kampe adui yako. Akisema safi, mali inatoka. Akikunja uso, mzigo unarudi ulikotoka.

Zamani alikuwa fundi saa. Simu zilipoanza kumwonyesha kila mtu saa bure, wateja wakamkaukia, akawa mtu wa kukaa nyumbani na kugombana na redio, mpaka mdogo wake alipomwita. Ndiyo, mdogo. Yule yule ambaye Ulimi alikuwa akimfuta kamasi na kumfunga kamba za viatu, sasa ndiye mwenye funguo, ndiye anayeitwa bosi. Ulimi aliyameza yote hayo kwa sababu ya kitu kimoja: ndani ya duka lile, neno lake lilikuwa juu ya neno la bosi. Bosi hakuagiza chochote kabla kaka hajaonja. Hicho ndicho alichobakiwa nacho maishani, na alikuwa amekishika kwa kucha na meno.

Tatizo ni kwamba ulimi wenyewe ulikuwa umekufa.

Uliondoka na homa. Alilala wiki nzima, akaamka mzima, mkewe akamletea chai, naye akanywa maji ya moto. Akadhani sukari imesahauliwa. Akaongeza, akaongeza tena, mkewe akabaki anamtazama tu. Kuanzia siku hiyo nyama ikawa kamba, chungwa likawa maji, na pua haikujua tena tofauti ya sabuni na samaki. Angeweza kusema. Daktari yupo, mke yupo, ndugu yupo. Lakini aende dukani akaseme nini, kwamba Ulimi hana ulimi? Halafu wamweke wapi, mlangoni awafungulie wateja? Akanyamaza kimya. Nyumbani akawa anasifu chakula kabla hakijafika mdomoni, na mkewe, maskini wa Mungu, akafikiri ndoa imefufuka.

Dukani alitumia ujanja. Ndani ya kila atomaiza, kile kichwa cha sigara ya umeme kinachogeuza maji kuwa moshi, kuna waya mwembamba uliosokotwa unaoitwa koili, na katikati yake kimepita kipande cha pamba kinachofyonza maji. Koili yenye maji ya kutosha huchemka kwa sauti ya mafuta kikaangoni. Inayokauka hunyamaza. Ulimi alisikiliza kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza saa. Uzito wa moshi aliuona kwa macho, joto lake alilihisi midomoni.

Kwa upande wa ladha, bahati ilimpa mpwa. Binti wa dada yao ndiye aliyeuza pale kaunta, na mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika. "Mjomba, hii ya leo nanasi limezidi, mimi imenishinda." "Mjomba, wameleta kitu kama maziwa na ndizi, utaona mwenyewe." Akifagia anaropoka, akipanga chupa anaropoka. Ulimi alitega sikio huku akijitia hamnazo, akangoja kidogo, halafu akavuta na kutangaza: "Nanasi. Na limezidi." Wateja wakapiga makofi. Yeye akacheka moyoni, akamhurumia yule binti kwa wepesi wa mdomo, na akajiona bingwa wa mabingwa.

Basi ikafika siku ya wakala. Alikuwa mwanamke mchangamfu wa kampuni iliyotengeneza atomaiza mpya, ile aina isiyotupwa koili inapoungua: unaifungua, unasuka waya wako mwenyewe, unaweka pamba yako mwenyewe. Wavivu hawaitaki. Wenye kuipenda kazi hawataki nyingine. Alitazamiwa alasiri, akaingia asubuhi akiwa na simu mkononi na kijiti cha kuisimamishia.

"Mzee wetu, leo wewe ndiye nyota," akamwambia Ulimi. "Unasuka, unajaribu, unasema ukweli wako, na watu wanakuona moja kwa moja hapa hapa."

Bosi akababaika. Mpwa hakuwepo, alikuwa amemtuma posta kuchukua mzigo. "Dada, tungemsubiri binti yetu kidogo arudi," akasema. "Atuchemshie hata chai."

"Chai ya nini?" Ulimi akamkatiza. "Mwenzako amekuja kazini, wewe unamletea habari za chai. Lete kifaa hicho."

Alikaa, akavaa miwani yake ya enzi za saa, akaifungua atomaiza. Kilikuwa kitu kizuri, hilo halikuhitaji ulimi. Nyuzi za skrubu ziliteleza bila kukwaruza. Matundu ya hewa yalikuwa yamepandishwa juu na kufichwa nyuma ya ukuta wa pili, jambo alilolitazama bila kulifikiria. Akazungusha waya kwenye shingo ya bisibisi, mizunguko ikalala pamoja bila kuachana. Akaingiza miguu ya koili kwenye vishimo vyake, akakaza, akakata iliyozidi. Akabonyeza betri, koili ikawaka nyekundu kuanzia katikati kwenda pembeni, kama inavyotakiwa. Wakala akasema mikono hiyo iwekewe bima. Ulimi akavimba kichwa.

Halafu pamba. Kwenye atomaiza alizozoea, ncha za pamba zilisokomezwa chini zikajaza shimo lote. Hii mpya ilitaka ncha ziguse tu mdomo wa mfereji, basi, ili maji yapate pa kupanda. Maelezo yalikuwemo ndani ya boksi. Lakini mtu anayeitwa Ulimi asome maelezo mbele ya kamera? Akasokomeza kama alivyozoea, akabana vizuri na kibano.

"Tumia hii, Kaka," bosi akasema, akimsogezea chupa. "Ile ya zabibu. Zabibu tupu, haina kingine."

Ulimi akaona leo mambo yamemnyookea. Akajaza, akafunga, akavuta.

Hakusikia kitu. Matundu yaliyofichwa juu yalikuwa yamemeza sauti yote, na kifaa kilikuwa kimya kama mawe. Alivuta tena, kwa nguvu zaidi. Kitu kikamkwaruza koo kwa ukali, naye akafurahi, maana koo lilikuwa bado lake. Akafumba macho, akaachia wingu, akamgeukia wakala na simu yake.

"Hiki ni kifaa," akasema. "Kinakamata koo. Zabibu imekaa mbele, safi, haina kelele. Kimya chake ndio uzuri wake. Miaka yangu yote hapa sijaonja kitu kisafi namna hii."

Bosi alikuwa ameshawasha feni ya ukutani mpaka mwisho. Moshi wote ukakimbilia stoo.

"Unanitawanyia moshi!" Ulimi akang'aka.

"Joto, Kaka."

"Na mimi nijaribu basi," wakala akasema, akinyoosha mkono kutoka upande wa pili wa kaunta.

"Subiri, dada. Mwenye duka kwanza." Bosi alikipokea kutoka mkononi mwa kaka yake, akavuta. Mishipa ya shingo ikamsimama. Machozi yakamjaa, akayapepesa yakarudi. Alibana pumzi, akaiachia kidogo kidogo puani, akatabasamu kwa shida. "Kaka kasema kweli," akasema.

"Haya, nipe."

Badala ya kumpa akavuta tena. Akavuta mara nyingine, na nyingine, mkono mmoja ameukaza kwenye ukingo wa kaunta, mpaka moshi ukakoma kutoka. "Samahani sana," akasema kwa sauti iliyopasuka. "Imenoga, nimeimaliza. Siku nyingine tutakusukia yako."

Wakala akacheka mpaka akashika mbavu. Alisema hajawahi kupata tangazo kama hilo, akakunja kijiti chake, akaaga, akaondoka akitazama simu.

Mlango ulipofungwa tu, bosi alikimbilia chooni. Akakohoa kikohozi cha mtu anayetaka kutoa mapafu yaanikwe. Ulimi akaenda akasimama nje ya mlango wa choo, mikono kiunoni. Tuseme ukweli, alikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimwona bosi amekuwa tena yule mtoto wa kamasi.

"Mapafu ya kitoto!" akamcheka kupitia mlangoni. "Tangu zamani nakwambia, mambo ya wakubwa yaache. Unaona mimi? Nimekohoa mimi?"

Ndani, maji ya bomba yalikuwa yanamwagika.

Mpwa akaingia na maboksi kifuani, anahema, anailaani foleni ya posta. Akayatua, akaikuta atomaiza mpya kwenye kaunta, akaisogeza puani. Akaitupa.

"Jamani! Hii imeungua! Pamba imekuwa mkaa! Nani kavuta uchafu huu?"

"Mimi," bosi akajibu kutoka chooni, sauti imemkauka. "Nilifunga pamba vibaya mimi."

Binti akaitazama miwani ya Ulimi iliyokuwa bado puani, akatazama kibano, na vipande vya waya mbele ya kiti chake. Akaziba mdomo kwa kiganja. Halafu, haraka haraka, bila mtu kumuuliza kitu, akamgeukia Ulimi: "Mjomba, ile chupa mpya niliyoifungua jana ni tikiti maji, sukari imezidi, utaona mwenyewe."

Ulimi alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilibaki usoni likiwa halina kazi. Chupa gani? Nani kaulizia chupa? Alimwangalia yule binti, na yule binti akainamisha macho, na hapo ndipo mananasi yote, ndizi zote na maziwa yote yalipompanda kichwani kwa pamoja. Kuropoka kule kote. Ufagio ule uliokuwa ukipita kwenye kiti chake kila kinapoletwa kitu kipya. Hakuwa ameiba neno hata moja. Alikuwa analishwa.

"Nani alikutuma?" akauliza.

Binti hakufungua mdomo. Mara ile moja tu aliponyamaza, akawa ameshasema yote.

Bosi alitoka chooni akijifuta uso kwa mkono wa shati. Macho yalikuwa mekundu.

"Tangu lini?" Ulimi akamuuliza.

"Kaka, tuyaache."

"Tangu lini, nimekuuliza!"

"Tangu ulipotoka kuumwa. Wiki ile ile. Nilisahau kuweka ladha kwenye chupa, ukavuta maji matupu." Bosi akakohoa. "Ukaniambia ndizi. Ukafumba na macho."

Aibu ilimshika Ulimi mpaka kwenye masikio. Alitaka kumpiga. Angekuwa ameibiwa angesamehe. Angefukuzwa angeondoka akitukana, na watu wangemwonea huruma, na mdogo wake angekuwa ndiye mbaya. Huyu hakumwachia hata nafasi ya kumchukia sawasawa. Amemeza moshi wa mkaa mbele ya watu kwa ajili yake, na yeye amesimama mlangoni pa choo anamcheka.

"Mngeniambia," akasema. "Mnanilisha kama kifaranga, mnanipigia makofi. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Wewe ndiye mkubwa wangu, Kaka. Ningekuanza vipi?"

Ulimi akachukua koti lake. Akalivaa mkono mmoja. Barabara ilikuwa nje hapo, nyumba iko kule kule, na ndani ya nyumba kile kiti, na ile redio, na mke ambaye ingebidi aelezwe kuwa hata mchuzi wake aliusifu kwa kubahatisha. Alisimama na koti lililoning'inia, hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemwambia aende.

Simu ya bosi ikalia. Alisikiliza, akasema ndiyo, ndiyo dada, kisha akaifunika kwa kiganja.

"Ni wakala. Watu wameipenda. Kesho anataka kuleta nyingine tatu, na anakutaka wewe." Akameza mate, ikaonekana yanamuuma. "Nimwambie unaumwa? Nimwambie umeacha? Sema wewe, Kaka. Lolote utakalosema ndilo nitakalomwambia."

Ulimi aliiokota atomaiza, akaifungua, akaitoa pamba kwa kibano. Ilikuwa nyeusi tititi. Akaisogeza puani, akavuta pumzi ndefu, akangoja. Akaitupa kwenye ndoo ya taka.

"Mwambie alete," akasema.

Alivua ule mkono mmoja wa koti, akakaa kitini pake. Bosi akaenda kuongea na simu stoo. Ulimi alikaa muda akipanga vibano vyake, hakumtazama mpwa wake.

"Kesho usitumwe popote," akamwambia.

"Sawa, Mjomba."

"Na ile ya jana. Ulisema ni nini?"

"Tikiti maji, Mjomba. Sukari imezidi."

"Tikiti maji," Ulimi akarudia polepole, kama mtoto anayefundishwa kusoma. "Sukari imezidi."