Mikono Safi

Asubuhi ya kwenda kuchukuliwa alama za vidole, mke wangu alinikalisha uani na beseni la maji ya moto.

"Huwezi kuwapelekea watu wa viza mikono ya saruji," alisema.

Akachukua jiwe la kusugulia miguu, akanisugua kidole kimoja kimoja mpaka ncha zikawa laini kama za mtoto mchanga. Nikacheka. Miaka kumi na tisa natandika vigae, sijawahi kupendeza hivyo.

Ofisini niliweka vidole juu ya kioo, mashine ikakataa. Nikaweka tena, ikakataa. Karani akanishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga.

"Mzee, alama zako ziko wapi?"

"Nimekuja nazo! Ningeziacha wapi?" nilifoka.

Akaniuliza kazi yangu, akatikisa kichwa. Saruji hula alama, alisema, lakini mafundi wengi hubaki na vimistari vya kutosha.

"Au umevisugua?"

Nikaificha mikono mfukoni.

"Ukiacha kazi, vitarudi baada ya wiki tatu. Uje tena."

Wiki tatu! Mwajiri wa huko ng'ambo alishasema mwisho ni Ijumaa, nikichelewa anachukua mwingine. Hasira zilinipanda, nikakosa pa kuzimalizia.

Nyumbani nilimkuta mke wangu mlangoni, begi langu limeshafungwa.

"Vipi, baba watoto?"

"Mashine yao mbovu," nikasema. "Wameniambia nirudi."

Akanishika mikono yote miwili, akaitazama kwa fahari.

"Usijali. Siku hiyo nitakusugua tena."