Muhuri wa Saba

"Baba, huu muhuri wako unathibitisha nini hasa?"

Binti wa tume ya mageuzi alisubiri, kalamu mkononi. Mzee Gonga, kama walivyomwita pale ofisi ya leseni, alikodoa macho. Miaka ishirini na sita amegonga muhuri wa saba, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Jogoo naye nani humuuliza kwa nini anawika?

Tume yenyewe haikuletwa na huruma. Wenye maduka walichoka kusubiri mihuri tisa, mtaa mzima ukafungua bila leseni, na serikali ikakosa pa kuwafungia wote.

Mshonaji alikuwa wa kwanza dirishani. Hiyo ilikuwa mara yake ya tano kuja kutafuta ruhusa ya kibanda chenye cherehani moja.

"Mjibu, mzee wangu," alidakia. "Na mimi nisije nikafa mjinga."

Foleni nzima ikacheka. Mzee akacheka nao. Jana mwenye muhuri wa nne alijibu "usalama", akaachiwa dirisha lake. Neno moja tu. Nyumbani mkewe alishatangulia mbele ya haki, wanawe wako mbali. Kabatini vikombe sita, vitano vina vumbi. Hapa alipata shikamoo arobaini kwa siku. Nyingine za unafiki, lakini shikamoo ni shikamoo.

Akamtazama mshonaji. Soli zake zilikuwa zimeliwa upande mmoja.

"Unathibitisha," akasema polepole, "kwamba muhuri wa sita umegongwa."

"Na wa sita?"

"Huo muulize mwenyewe. Nijuavyo mimi, huu wangu unathibitisha tu kwamba mimi nipo."

Binti aliandika. Hakucheka.

Wiki ya tatu dirisha lilipigiliwa mbao. Mzee akahamishiwa chumba cha majalada, ambako hata mende walipita bila salamu.

Jumamosi moja alisimama ng'ambo ya kibanda cha mshonaji, kikinguruma kwa kazi. Alishika kifungo cha shati lake, kizima kabisa, akakinyofoa. Ndipo akavuka barabara.

"Wako watatu mbele yako, baba," alisema mshonaji, macho kwenye sindano.

"Sina haraka, mwanangu."

Akaketi mwisho wa benchi, kifungo kiganjani. Punde akaingia mama mmoja na gauni la mtoto.

"Tangulia, mama," mzee akamwambia, akasogea kumpa nafasi.