Mita Thelathini za Moel Grugog

Kosa letu lilikuwa kubakiza mlima rahisi. Kila anayekusanya milima hapa Wales, yaani anayepanda yote ya kwenye orodha mmoja mmoja, hufanya hivyo: anahangaika kwanza na ile ya mbali yenye miamba, kisha anaacha mmoja mpole karibu na nyumbani, ili siku ya kumaliza hata marafiki wenye vitambi wafike kileleni kula keki. Mimi na kaka yangu Ithel tulibakiza Moel Grugog. Miaka ishirini na sita tulipanda na kupima, yeye fundi, mimi mbeba vyombo, na tuliahidiana kumaliza pamoja. Halafu moyo wake ukagoma. Daktari akamkataza hata ngazi za nyumbani, kitanda chake kikahamishiwa sebuleni.

Ndipo rafiki yetu Idwal, mtunza orodha, akaja na neno. Ili mlima uhesabiwe, kilele chake lazima kilizidi pito lake kwa mita thelathini au zaidi. Pito ni pale chini unapovuka kwenda mlima jirani. Kwenye ramani Moel Grugog ulikuwa unaning'inia pale pale kwenye mpaka wa hizo thelathini, na hakuna aliyewahi kuupima sawasawa.

"Ukipungua tunaufuta," akasema. "Na ukifutwa, Ithel atakuwa amemaliza huku amekaa kitini."

"Kapimeni," Ithel akasema. "Ila mpime vizuri." Maneno yalikuwa ya fundi, lakini macho yalimng'aa, nami niliyaona.

Nakiri kwamba siku ile nilipanda nikiuombea mlima uwe mfupi. Ithel tulimwacha garini, kwenye geti la shamba, na blanketi na chupa ya chai. Idwal akaenda kileleni na mashine moja ya kupima kimo kwa setilaiti, mimi nikabaki pitoni na nyingine. Kila moja ilihitaji saa nzima kusoma. Sehemu ya chini kabisa ya pito ilikuwa katikati ya kinamasi. Kazi naijua, niliiona mara moja. Hatua nne pembeni palikuwa na kishungi cha nyasi kilichoinuka kiasi cha shubiri. Pito likipanda, mlima unafupika. Nikaisimamisha mashine juu ya nyasi.

Idwal alinipigia simu nipande tunywe chai kileleni. Nikamwambia nimechoka.

Tuliporudi, Ithel alishusha kioo cha gari.

"Nest, hebu nyanyua mguu."

"Mguu wa nini tena?"

"We nyanyua tu."

Nikanyanyua. Akaigusa buti yangu kwa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa.

"Kavu," akasema. "Tangu nianze kazi hii sijamwona mtu akapima pito akarudi na buti kavu. Mashine uliiweka wapi?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa. "Kwenye nyasi."

"Juu kiasi gani?"

"Shubiri."

Idwal akajitia kutafuta kitu kwenye begi.

"Mlima umekukosea nini?" Ithel akauliza, wala hakupandisha sauti.

"Haujanikosea. Nakupenda wewe, basi."

"Najua unanipenda. Rudi ukaloe."

Nikarudi peke yangu, nikisonya njia nzima. Nikaingia kinamasini hadi magotini, nikaisimamisha mashine pale panapostahili, nikakaa nayo saa nzima huku meno yakigongana. Kilele kilikuwa pale juu yangu, mwendo wa dakika kumi tu, wala hapakuwa na wa kuniona. Mashine ilipomaliza nikaibeba, nikashuka.

Jioni Idwal alipiga hesabu zake kando ya kitanda cha Ithel.

"Thelathini na sentimita nne," akasema, sauti ikimnywea. "Unabaki."

Iliniuma kumwona Ithel, maana naujua uso wa kaka yangu anapojikaza.

"Haya. Andika," akamwambia Idwal. "Ithel, bado mmoja. Nest amemaliza."

"Nest bado mmoja," nikasema.

"Si umekwenda mara mbili leo?"

"Nimekwenda pitoni. Kileleni sikufika."

"Mjinga wewe. Zilikuwa mita thelathini tu."

"Na sentimita nne."

Idwal aliinamia karatasi yake, hakuthubutu kutuangalia. Ithel alinitazama kitambo, na sikumbuki lini aliwahi kunitazama hivyo bila kunitania.

"Nikifa utaupanda?"

"Ukifa nitaupanda, kaka. Na nitakutukana toka getini mpaka juu."

Akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimwekee mkono kifuani. Moyo wake ulikuwa unapiga ovyo ovyo, ila unapiga hivyo hivyo. Akaushika ule mkono, hakuuachia.

"Basi, mdogo wangu," akasema, "nitajitahidi nisikuharakishe."